Kutangulia Si Kufika

Asubuhi ya tarehe 26 Juni mwaka 2025, kabla ya kengele ya uji, bweni letu lilijaa kelele kama siku ya kufunga shule. Habari zilikuwa zimefika kwamba usiku ule, huko New York, kijana Khaman Maluach ameitwa jina lake, wa kumi katika orodha ya wachezaji wapya wanaochukuliwa na NBA, ile ligi kubwa ya mpira wa kikapu ya Marekani. Khaman alizaliwa Rumbek, Sudani Kusini, mwaka 2006, lakini alilelewa hapa kwetu Uganda, huko Kawempe, jijini Kampala. Mpira wa kikapu alianza kuucheza mwaka 2019. Mimi nami nilizaliwa mwaka ule ule wa 2006. Basi mtaona kwa nini habari hii ilitugusa kuliko habari nyingine za ng'ambo.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu katika shule hii hii. Ni mrefu kuliko mimi, kuliko baba, na kuliko mlango wa jiko la nyumbani kwetu. Siku ile aliniambia, "Kaka, mwenzetu amemaliza."

Nikamwuliza, "Amemaliza nini?"

Akajibu, "Amemaliza shida zote. Mtu akishachaguliwa, si basi?"

Tangu siku ile akaanza kuviacha vitabu. Saa ya kujisomea usiku alionekana uwanjani, akirusha mpira kwa mwanga wa taa ya ukumbi. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipokuja, alipata alama ambazo sitaziandika hapa. Baba alipofika siku ya wazazi aliniita kando chini ya mwembe, akaniambia, "Wewe ndiwe mkubwa. Mdogo wako anataka kuacha shule akatafute njia ya Marekani. Mweleze. Lakini usimweleze neno usilolijua, maana naye ana akili, atakushinda."

Kwa kweli nilikuwa sijui. Nilijua majina ya wachezaji na rangi za fulana zao, basi. Ikanibidi nikae maktabani siku nyingi, nisome na kuandika. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, nami nayatoa hapa kwa kuwa najua mdogo wangu si peke yake mwenye swali lile.

Kwanza tufahamu jinsi wachezaji wanavyochukuliwa. Uchaguzi wenyewe huitwa drafti. Nao si ule mchezo wa drafti wa vizibo vya soda tunaoucheza siku za Jumapili. Ulianza mwaka 1947. Kila mwaka timu 30 za ligi huchagua wachezaji wapya kwa zamu, duru mbili, yaani wachezaji 60 kwa jumla. Mwaka 2025 walikuwa 59, kwa sababu timu moja ilinyang'anywa zamu yake kwa kuvunja kanuni. Timu zilizoshindwa sana hutangulia kuchagua, ili nazo zipate nguvu. Lakini ili timu zisishindwe makusudi, tangu mwaka 1985 nafasi za mwanzo hupigiwa kura ya bahati. Mwaka 2025 timu ya Dallas ilikuwa na bahati isiyofika hata 2 katika 100 ya kupata nafasi ya kwanza. Walakini kura ikaiangukia, nayo ikamchukua Cooper Flagg, aliyekuwa mwenzake Khaman katika Chuo Kikuu cha Duke.

Hapo tunaona jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri: mchezaji hachagui timu, bali timu ndiyo inayomchagua. Khaman mwenyewe aliitwa kwa zamu ya Houston, lakini haki ya kumwajiri ikaenda Phoenix, kwa sababu timu hizo mbili zilikuwa zimepatana kubadilishana wachezaji, na mmoja wao alikuwa Kevin Durant. Kijana huamka asubuhi asijue jioni atakuwa mtu wa mji gani. Akiangukia timu yenye mwalimu mvumilivu na nafasi ya kucheza, huinuka. Akiangukia timu ambayo mahali pake pana mtu mwingine hodari, hukaa benchi, na mchezaji wa benchi husahauliwa upesi.

Je, wanaoitwa ni wangapi katika wanaotaka? Katika vyuo vilivyo chini ya chama cha NCAA, vijana wa kiume wanaocheza mpira wa kikapu hupita 18,000. Daraja la kwanza peke yake lina vyuo zaidi ya 350. Kila mwaka vijana wapatao 4,000 hufikia mwisho wa zamu yao ya chuo. Nafasi ni 60, na baadhi yake huchukuliwa na vijana wa Ulaya, Australia na kwingineko ambao hawakupita katika vyuo hivyo. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika kila vijana 100 ambao zamu yao imefika, anayeitwa ni mmoja tu hivi. Hao 99 waliobaki si watu wasiojua mpira. Wengi wao walikuwa hodari kabisa katika shule zao, kama alivyo mdogo wangu katika shule hii.

Sasa tumtazame huyo mmoja aliyeitwa. Mdogo wangu alidhani wote wanaoitwa hupata mali sawasawa. Sivyo. Kuna tofauti kubwa kati ya duru ya kwanza na duru ya pili.

Aliyechaguliwa duru ya kwanza hulipwa kwa kipimo kilichowekwa, kufuatana na namba yake katika orodha. Wa kwanza hupata zaidi ya wa pili, na wa pili zaidi ya wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa duru. Utaratibu huu ulianza mwaka 1995. Mkataba wake huandikwa wa miaka minne, lakini iliyo na hakika ni miwili tu. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu, wala si yake. Tena timu hutakiwa kuamua habari ya mwaka wa tatu mapema, msimu wa pili unapoanza tu. Maana yake ni kwamba kijana hupimwa kwa msimu mmoja. Kama msimu ule aliumia goti, au hakupewa nafasi, au alikuwa bado anajifunza, saa ya kuhukumiwa haimngojei.

Aliyechaguliwa duru ya pili hana hata hiyo hakika ya miaka miwili. Timu ina haki naye, lakini hailazimiki kumpa mkataba wa kudumu. Wengine hupewa mkataba mzuri, wengine hupelekwa Ulaya kwanza, na wengi siku hizi hupewa mkataba wa njia mbili, ulioanzishwa mwaka 2017. Mwenye mkataba huo huwa na mguu mmoja katika timu kubwa na mguu wa pili katika ligi ndogo iitwayo G League. Leo husafiri na wakubwa, kesho hurudishwa kwa wadogo. Mshahara wake ni nusu ya mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mpya wa NBA. Kwetu sisi hizo bado ni fedha nyingi sana, sikatai. Lakini ni kibarua cha mwaka, na kila mwaka kina mwisho wake.

Nilipokuwa nikimweleza mdogo wangu habari hizi, nilimpa mfano wa bweni. Kila timu ina vitanda 15 vya kudumu, na timu ni 30. Basi bweni lote lina vitanda 450. Juu ya hivyo kuna mikeka mitatu kwa kila timu, ndiyo mikataba ya njia mbili. Kila mwaka huja wageni 60, lakini vitanda haviongezeki. Kwa hiyo mgeni akilala, kuna mwenyeji aliyeamka akaenda zake. Tena wenyeji wengine hawaamki upesi. LeBron James alilala kitandani pake mwaka 2003, na katika msimu wa 2025 na 2026 alikuwa bado yupo, msimu wake wa 23. Kama mmoja anakaa miaka 23, piga hesabu mwenyewe wangapi hulazimika kuondoka baada ya miaka miwili au mitatu ili hesabu ya vitanda iwe sawa.

Mdogo wangu anapenda sana hesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini hao wanaoondoka upesi ni wale wa mwisho katika orodha. Wa juu hawaondoki." Hapo ndipo nilipomsimulia habari za jirani yetu Hasheem Thabeet.

Hasheem ni Mtanzania wa Dar es Salaam. Alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, akaenda Marekani, akasoma sekondari katika mji wa Houston, kisha mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3. Mwaka 2008 na mwaka 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora katika umoja wa vyuo uitwao Big East, na mwaka 2009 timu ya chuo chake ikafika katika nne bora za nchi nzima. Mwezi Juni wa mwaka huo Memphis ikamchagua. Alikuwa wa pili katika orodha yote, na Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa kijana mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson, jina lake Stephen Curry.

Mwezi Februari mwaka 2010, kabla msimu wa kwanza haujaisha, Memphis ilimpeleka Hasheem kwa muda katika ligi ndogo, akachezee Dakota. Februari mwaka 2011 alihamishiwa Houston. Mwaka 2012 akahamishiwa Portland, na mwaka huo huo akaingia Oklahoma City, akakaa misimu miwili. Baada ya mwaka 2014 hakucheza tena mechi ya NBA. Kwa jumla alicheza mechi 224, na wastani wake ulikuwa pointi 2.2 kwa mechi. Miaka iliyofuata alicheza Japani na Taiwan. Curry, wa saba, alitwaa ubingwa mara nne, mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022.

Sikuisimulia habari hii ili kumdharau Hasheem. Mtu akiniambia kwamba alishindwa, nitabishana naye. Kijana aliyeugusa mpira ule kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15, kisha akacheza misimu mitano katika ligi ambayo maelfu ya Wamarekani huililia tangu utoto, si mtu wa kuchekwa. Lakini mambo yake yanatufundisha. Chuoni urefu wake ulitosha kuwazuia wengi. Katika ligi kubwa kila anayesimama chini ya kikapu ni mrefu, au ana nguvu, au ana ufundi wa miaka mingi, na yeye bado alihitaji muda wa kujifunza. Tena anayeitwa wa pili huhesabiwa deni kubwa: watu hutaka matunda yake mwaka ule ule. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na mimi sijaona mahali ambapo neno hilo lina ukweli kuliko hapo.

Kuna na habari ya Greg Oden. Huyu aliitwa wa kwanza kabisa mwaka 2007, baada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Kevin Durant alikuwa wa pili wake. Magoti ya Oden hayakumpa nafasi. Msimu wake wa kwanza ulipita wote bila yeye kucheza hata mechi moja, na kwa maisha yake yote katika NBA alicheza mechi 105 tu. Hakukosa bidii wala kipaji, alikosa magoti. Lakini sikilizeni alilofanya baadaye: alirudi katika chuo kile kile alichokiacha akiwa kijana, akakaa darasani, na mwaka 2019 akapata shahada yake. Nilipoisoma habari hiyo niliiheshimu kuliko vikombe vingi.

Kwa upande mwingine, wako waliotajwa mwisho au wasiotajwa kabisa, nao wakaendelea mbele. Isaiah Thomas, ambaye si mrefu kuliko walimu wetu wengi, aliitwa wa 60 mwaka 2011, yaani mtu wa mwisho katika orodha. Miaka michache baadaye akawa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi, akiichezea Boston. Fred VanVleet wa chuo cha Wichita State alingojea mwaka 2016 mpaka orodha ikaisha bila kuitwa. Mchezaji asiyeitwa huwa huru kuomba kazi kwa timu yoyote. Basi akaomba Toronto, akaanzia chini, na mwaka 2019 akawa bingwa pamoja nao. Kwa hiyo orodha ile si hukumu ya Mungu. Ni makisio ya watu, na watu hukosea juu na chini.

Hapo mdogo wangu alinishika. Akasema, "Kaka, kama wao hukosea, basi shule inasaidia nini? Khaman mwenyewe alikaa chuoni mwaka mmoja tu."

Nililitafakari swali hili sana, maana ni la haki. Ni kweli kwamba wengi wanaoitwa mapema siku hizi hukaa chuoni mwaka mmoja. Kanuni iliyoanza katika uchaguzi wa mwaka 2006 hudai kwamba mchezaji awe ametimiza miaka 19 katika mwaka wa kuchaguliwa, na kwa Mmarekani uwe umepita mwaka mmoja tangu wenzake walipomaliza sekondari. Timu hupenda vijana, kwa kuwa kijana ana miaka mingi mbele. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kwamba kila anayemaliza chuo hufanikiwa kuliko asiyemaliza. Baba alinikataza kusema neno nisilolijua.

Walakini nilimwonyesha mambo mawili.

La kwanza ni Dikembe Mutombo wa Kongo. Mwaka 1987 alifika Chuo Kikuu cha Georgetown kwa msaada wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Alimaliza shahada yake, na mwaka 1991 Denver ikamchagua wa nne. Alikuwa na miaka 25, umri ambao leo timu nyingi zingemwona mzee. Alicheza misimu 18 na mara nne akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Ile nia ya udaktari haikufa. Mwaka 2007 hospitali ikafunguliwa Kinshasa kwa jitihada zake na kwa mamilioni ya fedha zake mwenyewe, nayo inaitwa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alistaafu mwaka 2009, mwaka ule ule Hasheem alipoitwa. Alifariki mwaka 2024. Mpira ulimpa fedha; lakini la kuzifanyia alikuwa nalo tangu alipokuwa mwanafunzi.

La pili ni mlango wenyewe. Chuo cha Marekani cha daraja la kwanza hakimpokei mchezaji kwa urefu wake tu. Chama cha NCAA huomba hati zake za sekondari na kuzikagua. Lazima awe amepasi masomo 16 ya msingi, kama vile Kiingereza, hesabu na sayansi, na alama zake zifike kipimo kilichowekwa. Khaman mwenyewe alipokwenda Senegal mwaka 2021, katika chuo cha NBA cha vijana wa Afrika kilichoko Saly, hakwenda kucheza tu. Pale vijana hucheza na kusoma masomo ya darasani. Mwaka 2023, akiwa na miaka 16, aliichezea Sudani Kusini katika Kombe la Dunia. Mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Kampala katika ligi ya Afrika, kisha akaenda Olimpiki za Paris. Na baada ya hayo yote alikwenda wapi? Alikwenda chuo kikuu.

Nikamwambia, "Mlango unaoutaka una kufuli, na ufunguo wake ni kile cheti unachotaka kukiacha."

Hakunijibu.

Nikaongeza na habari za fedha, kwa sababu najua ndizo zilizokuwa moyoni mwake. Serikali ya Marekani hukata kodi kubwa katika mshahara wa mchezaji, wakala naye huchukua fungu lake. Kisha wako ndugu, na marafiki waliokuwa hawajulikani jana. Ligi yenyewe inaijua hatari hii. Tangu mwaka 1986 wachezaji wapya hupewa mafunzo ya kutunza fedha na mwenendo wao kabla ya kuanza kazi. Mchezaji akitimiza misimu mitatu hupata haki ya pensheni, asipoitimiza, haipati. Ndiyo maana mwaka ule wa tatu, ambao ni hiari ya timu, ni mwaka wa maana sana. Na hata aliyefanikiwa kabisa, mara nyingi akifika miaka 35 kazi yake imekwisha. Baba yetu ana miaka 52 na bado analima. Je, mtu afanye nini kuanzia miaka 35 mpaka uzee wake?

Mambo mengine yamebadilika kwa faida ya wanafunzi, nami sikumficha. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na picha zao katika matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa. Kwa sababu hiyo baadhi ya vijana ambao zamani wangekimbilia uchaguzi mapema, wakijua wataitwa mwishoni, sasa huona afadhali wabaki chuoni mwaka mwingine. Vijana wa kigeni hupata shida zaidi, kwa sababu ruhusa yao ya kuingia Marekani ni ya kusoma, wala si ya kufanya kazi. Hapo napo utaona kwamba mgeni kama sisi hupokelewa kwanza kama mwanafunzi.

Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi za bweni, jua limeanza kutua. Mdogo wangu aliuzungusha mpira mikononi muda mrefu. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo unataka nisicheze?"

Nikamwambia, "Cheza. Cheza sana. Kama ningekuwa na urefu wako, ningecheza mpaka usiku. Lakini usiseme kwamba akishachaguliwa ni basi. Mwanzo wa ngoma ni lele. Siku ya kuitwa jina ndiyo siku ya kwanza ya kazi, na kazi yenyewe ni ya kupimwa kila mwaka. Mwenye mpira peke yake, siku goti likikataa, amebaki mikono mitupu. Mwenye mpira na kitabu, likikataa goti, bado ana cha kushika."

Sitawadanganya wasomaji kwamba mdogo wangu alibadilika siku ile ile. Wiki ile aliendelea kuninunia. Lakini muhula huu anacheza kuanzia saa kumi alasiri, na kengele ya jioni ikilia huja darasani na jasho lake, akaketi. Wenzake wanalalamika kwa sababu ya harufu. Katika jaribio la hesabu la juzi alikuwa wa nne. Nilimpigia baba simu kwa ruhusa ya mwalimu wa bweni, nikamweleza. Baba akauliza, "Wa nne katika wangapi?" Nikasema, "Katika 61." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie wa nne si wa kwanza. Lakini mwambie nimefurahi."

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mlio warefu, habari zangu zinaishia hapa. Khaman tumwombee heri, maana kwake ngoma ndiyo kwanza imeanza. Nasi huku tufanye mazoezi, na kengele ya kujisomea ikilia, tuuweke mpira chini ya kitanda.